KILA KITU KINA BEI MBILI
Somo la kikundi juu ya vitu tunavyonunua kila siku



Mara nyingi tukikaa mkutanoni tunazungumza juu ya namna ya kupata pesa: kufuga kuku, kulima mboga, kuweka akiba, kupata mkopo. Hayo ni mambo mema. Lakini ni mara chache tunaketi na kuulizana, "Je, pesa zetu zikitutoka mkononi, zinaenda kufanya kazi gani?" Shilingi ikipita dukani haikai bure. Inamlipa mtu fulani, na inamwambia mtu huyo, "Endelea kufanya hivi unavyofanya." Kama anafanya vyema, tumemsaidia kufanya vyema. Kama anaharibu, basi tumemsaidia kuharibu, hata kama hatukumwona wala hatujui jina lake.

Somo hili ni la kutusaidia kulitazama jambo hilo bila kulaumiana. Tutachukua vitu vitatu ambavyo karibu kila nyumba inanunua: makaa, pakiti za dukani, na betri.

MAKUSUDI YA SOMO

Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza bei mbili za kitu anachonunua.
2. Kufanya hesabu ya makaa yanayotumiwa na kikundi kizima kwa mwaka.
3. Kuchagua jambo moja ambalo kikundi kitabadilisha mwezi huu.

KWA KIONGOZI WA SOMO

Somo hili linafaa mikutano miwili. Usilisome lote kwa mara moja kama hotuba. Soma sehemu moja, uliza swali lake, kisha watu waongee. Waombe wanakikundi waje na vitu hivi: vipande viwili vitatu vya makaa kutoka nyumba mbalimbali, pakiti tupu za dukani, na betri ya tochi iliyokwisha. Vitu hivyo viwekwe katikati pale kila mtu anaweza kuviona. Wale wasiosoma watafuata somo kwa vitu hivyo vizuri kabisa.

SEHEMU YA 1: BEI YA KWANZA NA BEI YA PILI

Bei ya kwanza ni ile muuzaji anakutajia. Unaweza kuipunguza kwa kubishana, na ukishalipa umemaliza.

Bei ya pili haitajwi na mtu. Ni ile inayolipwa baadaye, au inayolipwa na mwingine. Mto ukikauka kwa sababu miti ya juu imekatwa, mwenye kulipa ni mama anayetembea mbali zaidi na mtungi. Ng'ombe akila mfuko wa plastiki akafa, mwenye kulipa ni mfugaji. Mtoto akicheza na takataka yenye sumu, analipa kwa mwili wake.

Mara nyingine kitu ambacho bei yake ya kwanza ni ndogo sana, bei yake ya pili ni kubwa sana. Wazee walisema rahisi ghali. Sisi tunaongeza kidogo tu: rahisi kwangu, ghali kwa jirani.

Swali: Tajeni kitu kimoja mlichonunua wiki hii ambacho bei yake ya pili inalipwa na mtu mwingine. Ni nani huyo?

SEHEMU YA 2: GUNIA LA MAKAA

Linatoka wapi?

Makaa mengi yanayochomwa mijini na katika masoko yetu yanatoka sehemu kavu za nchi: Kitui, Makueni, Kajiado, Narok, Baringo, Tana River na kwingineko. Huko mvua ni kidogo, na miti kama migunga inakua polepole sana. Mti ambao shoka linauangusha kwa saa moja ulianza kukua kabla baadhi ya wanakikundi hawajazaliwa.

Mti ukishakatwa, magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa majani na udongo, na kutiwa moto unaowaka polepole siku kadhaa. Hiyo ndiyo tanuri ya kienyeji. Ubaya wake ni kwamba sehemu kubwa ya mti inapotea kwa moshi na majivu. Kutoka kilo 100 za kuni kavu, tanuri ya namna hii hutoa makaa kilo 10 hadi 20 tu. Tanuri iliyojengwa vizuri, yenye bomba la moshi na inayochungwa na mtu anayejua kazi, inaweza kutoa kilo 25 au hata 30 kwa kuni zile zile.

Tufanye hesabu

Katibu achukue kalamu. Magunia hayalingani, lakini tuseme gunia moja ni kilo 35, na nyumba moja inatumia gunia moja kwa mwezi.

Gunia moja la kilo 35, likitoka katika tanuri ya kienyeji, limekula kuni kilo 175 hadi 350.

Nyumba moja kwa mwaka ni magunia 12. Hizo ni kuni kilo 2,100 hadi 4,200, yaani tani mbili hadi nne.

Kikundi cha nyumba 20 kwa mwaka ni tani 42 hadi 84 za kuni.

Sasa weka hesabu ya kwenu. Kama kikundi chenu ni nyumba 12 au 30, badilisha. Kama mnanunua kwa mkebe na wala si kwa gunia, hesabuni mikebe ya wiki moja na mzidishe kwa 52. Jambo ni kuona kwamba mkebe wa jioni, unaoonekana kitu kidogo, ukiunganishwa na wa jirani na wa mwaka mzima unakuwa msitu. Bandu bandu huisha gogo, na hapa tunasema hivyo bila fumbo.

Mkono wa mnunuzi ndio unaochagua mti

Chukueni vile vipande vya makaa mlivyoleta. Kila mmoja avipime kwa mkono. Kuna kipande kizito na kuna chepesi. Mkiulizwa mnapenda kipi, karibu wote mtasema kile kizito, kwa maana kinakaa motoni. Ni kweli, kinakaa.

Lakini makaa mazito yanatoka kwa miti migumu, na miti mingi migumu ndiyo ile inayokua polepole. Mwenye kuuza anajua mnachokipenda. Dalali anayeleta lori anajua. Mchomaji kule porini naye anajua, kwa hiyo shoka lake linatafuta mgunga na kuacha mti mwepesi unaomea haraka. Hakuna mtu aliyemwandikia barua. Ni mikono yetu sokoni, inayopima na kukataa, ndiyo iliyomwagiza.

Hiyo ni habari mbaya, lakini ndani yake kuna habari njema. Kama mkono wetu unaweza kuchagua mti wa kuangushwa, basi unaweza pia kuchagua mti wa kuachwa.

Mchomaji naye ni mtu

Hapa lazima tuwe waangalifu. Ni rahisi kusema, "Wachomaji makaa wanaharibu nchi." Lakini katika vikundi vyetu wako wanaochoma, na wengine ni kina mama waliolipa karo ya shule kwa magunia. Mvua ikikosa na mahindi yakikauka, gunia la makaa kando ya barabara ndilo linaloleta unga nyumbani. Na tena, katika biashara hii yule aliyekata mti na kukaa kwenye moshi usiku kucha ndiye anayepata kidogo kabisa. Pesa nyingi zinabaki kwa wenye malori, kwa madalali, na kwa wale wanaodai kitu kidogo njiani.

Kukataza tu hakujamaliza shida. Mwaka wa 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mwaka huo huo Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti. Sababu zilikuwa nzuri, maana mito ilikuwa inakauka. Lakini lori lilichomwa moto barabarani, na ugomvi ukaingia kati ya wafanyabiashara wa kaunti mbalimbali. Wakati huo wote majiko mjini yaliendelea kuwaka. Makaa yakiwa bado yanatafutwa, yatapita, kama sio mchana basi usiku.

Kwa hiyo hatusemi, "Msinunue kwa mama fulani." Tukimwacha ghafla, bei ya pili tumemtwika yeye. Tunasema: tupunguze tunachochoma, na kwa kile tunachonunua, tumlipe anayepanda na anayechoma vizuri.

Tufanye nini?

Kwanza, jiko. Jiko la bati tupu linapoteza moto pembeni. Jiko lenye kigae cha udongo ndani na bati nje lilienea hapa Kenya kuanzia miaka ya 1980. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo kule Nairobi walikuwa kati ya wale waliolifanya lijulikane. Jiko zuri la namna hiyo linaweza kupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi. Tukirudi kwa hesabu yetu, nyumba ya magunia 12 inashuka hadi magunia 8. Kama gunia ni shilingi 2,000, hiyo ni shilingi 8,000 zinazobaki nyumbani kwa mwaka. Kwa nyumba 20 ni shilingi 160,000. Na kuni ambazo hazikukatwa ni tani 14 hadi 28. Hapo bei ya kwanza na bei ya pili zimeshuka pamoja.

Lakini kagueni kabla ya kununua. Kigae kisiwe na ufa, kiwe kimeshikana vizuri na bati, na mlango wa hewa uweze kufungwa. Jiko bovu linapasuka kabla ya mwaka kwisha, na hapo hamjaokoa kitu.

Pili, mapishi. Maharagwe na mahindi ya githeri yalowekwe usiku mmoja. Sufuria ifunikwe. Chakula kikishachemka vizuri, kinaweza kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au majani makavu ya ndizi na kufunikwa sana. Kitaendelea kuiva chenyewe bila moto. Ukimaliza kupika, funga mlango wa jiko au zima makaa yaliyobaki, uyatumie kesho.

Tatu, vumbi. Pale kwa muuza makaa kuna vumbi linalotupwa. Likichanganywa na udongo kidogo au karatasi iliyoloweshwa, likafinyangwa na kuanikwa juani, linakuwa makaa ya kuchemshia maji na maharagwe. Vikundi vingine vimefanya hii kuwa biashara.

Nne, ulizeni mti. Makaa yanaweza kutoka kwa matawi ya grevilia yaliyopogolewa shambani, kwa muwati sehemu za baridi, au kwa mivinje kule Pwani. Hii ni miti inayopandwa na kuvunwa kama zao. Pia kuna mathenge. Mti huu uliletwa sehemu kavu kama Baringo katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, lakini ukaenea mpaka ukafunga malisho. Maganda yake yaliharibu meno ya mbuzi, hata watu wa jamii ya Ilchamus wakaipeleka Serikali mahakamani. Ukinunua makaa ya mathenge yaliyochomwa kwa utaratibu, unamsaidia mchomaji apate chake na malisho yafunguke. Ni gunia lile lile, ila bei yake ya pili ni nyingine kabisa.

Swali: Muuza makaa wetu anajua makaa yake yanatoka kwa mti gani? Tumewahi kumuuliza? Ni nani kati yetu atamwuliza wiki hii, na atamwuliza vipi bila kumfanya ahisi kama anashtakiwa?

(Mkutano wa kwanza unaweza kuishia hapa.)

SEHEMU YA 3: KADOGO NA MFUKO WA PLASTIKI

Wengi tunakumbuka vile mambo yalikuwa kabla ya mwaka wa 2017. Ukinunua nyanya tatu unapewa mfuko, ukinunua mkate unapewa mwingine. Mifuko ilijaa kwenye miiba, kwenye mitaro, na ndani ya matumbo ya ng'ombe na mbuzi. Kisha tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza. Kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea kukawa ni kosa. Adhabu iliyotangazwa ilikuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili.

Wengi walisema haitawezekana. Sukuma wiki itafungwa na nini? Lakini tulizoea. Vikapu na viondo vilirudi sokoni, na mama wa kusuka akapata wateja. Funzo ni kwamba desturi ya kununua inaweza kubadilika haraka kuliko tunavyodhani, watu wote wakibadilika pamoja.

Hata hivyo marufuku ile haikugusa kila kitu. Kile ambacho kiwanda chenyewe kimefungia bidhaa yake kiliachwa. Ndiyo maana vipakiti vidogo bado vimetapakaa: vya sabuni ya unga, vya majani chai, vya mafuta ya nywele, vya viungo. Hivi ndivyo tunaviita kadogo.

Kadogo inaonekana ni rafiki wa mtu wa mapato kidogo, kwa sababu shilingi kumi inatosha. Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme pakiti ya gramu 25 ya sabuni ni shilingi 10. Kilo moja ni pakiti 40, yaani shilingi 400. Na tuseme pale pale dukani pakiti ya kilo moja ni shilingi 300. Yule aliye na pesa chache amelipa shilingi mia zaidi kwa sabuni ile ile, na amerudi nyumbani na karatasi za plastiki 40 badala ya moja. Hizo 40 zitatupwa shambani, zitazuia maji ya mvua kuingia ardhini, au zitachomwa karibu na watoto na kutoa moshi wenye sumu. Chukueni bei za duka lenu mwone kama ni hivyo. Maduka hayafanani, lakini mara nyingi kadogo ndiyo ghali.

Hatumcheki mtu anayenunua kadogo. Ananunua hivyo kwa sababu leo hana shilingi 300. Ndipo kikundi kinapokuwa na maana. Nyumba kumi zikichanga, zinaweza kununua mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia, katoni ya sabuni ya miche, na gunia la mahindi la kupeleka kwenye kinu. Kila mtu anakuja na chupa yake, kopo lake, na kikapu chake. Kila nyumba inapata kiasi chake kwa bei ya jumla, na taka ni mtungi mmoja ambao hata utatumika kuteka maji.

Swali: Hesabuni pakiti tupu zilizoletwa leo. Ni ngapi zingekuwa hazipo kama tungenunua pamoja?

SEHEMU YA 4: BETRI IMEKWISHA, SASA INAENDA WAPI?

Bei ya pili haiko tu pale kitu kinapotengenezwa. Iko pia pale kinapokwisha. Mfano mzuri ni betri.

Siku hizi nyumba nyingi za kijijini zina taa za sola au betri ya gari ya kuwashia taa na televisheni. Hii ni hatua njema, moshi wa mafuta ya taa umepungua. Lakini betri ya gari ina madini ya risasi na asidi. Ikifa, anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, anakupa shilingi kadhaa, anaiweka kwenye mkokoteni, na wewe unasahau.

Watu wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, hawawezi kusahau. Kando ya nyumba zao kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Kilifanya kazi kuanzia mwaka wa 2007 hivi mpaka kilipofungwa mwaka wa 2014. Moshi na maji machafu yaliingia kwenye makazi. Watoto walikutwa na risasi katika damu. Madini haya yanaharibu ubongo wa mtoto anayekua, yanapunguza damu, na yanaweza kuharibu mimba. Phyllis Omido, mama aliyekuwa ameajiriwa hapo na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, ndiye aliyesimama na wanakijiji kudai haki. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka wa 2024 mahakama hiyo ikarudisha uamuzi huo.

Betri zilizoyeyushwa hapo zilikuwa za watu kama sisi. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mtoto wa Mombasa. Kila mmoja alikuwa anaondoa tu takataka nyumbani kwake.

Basi tunashauri hivi. Unaponunua betri mpya, muulize muuzaji kama atapokea ile kuukuu na ataipeleka wapi. Usiipasue nyumbani wala kumwaga asidi yake shambani au karibu na kisima. Zile ndogo za tochi zisitupwe chooni wala motoni. Kikundi kiweke kopo moja lenye kifuniko, mbali na watoto, na mwenyekiti aulize ofisi ya mazingira ya kaunti pa kuzipeleka. Na unaponunua taa ya sola, tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na udai garantii. Taa ya bei rahisi inayokufa baada ya miezi mitatu ni taka uliyoilipia.

Swali: Betri ya mwisho uliyoiuza kwa watu wa vyuma chakavu, unajua ilifika wapi?

SEHEMU YA 5: LAWAMA IKO KWA NANI?

Mtu mmoja kikundini anaweza kusimama na kuuliza, "Kwani ni sisi watu wa kijijini tunaoharibu dunia? Wenye viwanda je? Wakubwa wenye malori je?" Swali hilo ni la haki, na kiongozi asilizime.

Ni kweli, mwenye kiwanda ana nguvu kuliko sisi. Yeye ndiye aliyechagua kufunga sabuni kwa vipakiti visivyooza. Sheria ya mwaka wa 2022 ya usimamizi wa taka imesema hivyo hivyo: anayetengeneza au kuleta bidhaa anatakiwa awajibike juu ya taka inayobaki. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kwa diwani wetu, kwa chifu, na katika mikutano ya bajeti ya kaunti: hiyo sheria imefika kwetu? Taka zetu zinachukuliwa na nani?

Lakini tukingoja wakubwa waanze, tutangoja mpaka mto uishe. Mwaka wa 1977 Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, alianza na kina mama wa vijijini waliohitaji kuni na maji. Hawakuwa na mamlaka ya kutoa amri kwa mtu yeyote. Walianza na miche waliyoweza kuibeba, na baadaye wakubwa walilazimika kuwasikiliza. Kikundi kinachojua hesabu yake kikienda kwa diwani kinasikilizwa kuliko mtu mmoja anayelalamika.

SEHEMU YA 6: MASWALI MATANO KABLA YA KUTOA PESA

Wanakikundi wayakariri haya, na wawafundishe watoto wanaotumwa dukani:

1. Je, ninakihitaji kweli, au nimekiona tu?
2. Kimetoka wapi, na ni nani alifanya kazi yake?
3. Kitadumu muda gani, na kikiharibika kinaweza kutengenezwa na fundi wa hapa?
4. Kikiisha, mabaki yake yataenda wapi?
5. Je, tukinunua pamoja na wengine, bei zote mbili zinaweza kushuka?

Hakuna anayeweza kuuliza maswali yote matano kwa kila kiberiti. Ukiwa na mtoto mgonjwa usiku na unahitaji kuchemsha maji, nunua makaa yaliyoko. Tunaongea juu ya vile vitu tunavyonunua kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo kubadilisha kitu kimoja kuna faida.

SEHEMU YA 7: KUNUNUA PAMOJA, HATUA KWA HATUA

1. Chagueni kitu kimoja tu cha kuanza. Vikundi vinavyoanza na vitu saba huvunjika mwezi wa pili.
2. Kila nyumba iseme inatumia kiasi gani. Katibu aandike.
3. Watu wawili, sio mmoja, waende kuuliza bei kwa wauzaji watatu, wakiuliza pia yale maswali matano.
4. Pesa zichangwe kabla, mweka hazina atoe risiti, na hazina isikae nyumbani kwa mtu mmoja bila wengine kujua ni kiasi gani.
5. Kugawa kufanyike mchana, mbele ya watu, kwa mizani. Ugomvi mwingi wa vikundi unaanzia kwenye kipimo.
6. Mwisho wa mwezi katibu asome: tumetumia ngapi, tumeokoa ngapi, na taka imepungua vipi.

Kwa makaa, nguvu ya kikundi ni kubwa zaidi. Mama mmoja akimwambia muuzaji, "Nataka makaa ya miti ya kupandwa," atachekwa. Nyumba 20 zikimwambia, "Tutachukua magunia 14 kila mwezi, mwaka mzima, ukituletea makaa ya matawi ya grevilia au ya mathenge," atatafuta yanakopatikana. Na yule mwanakikundi mwenye shamba atajua kwamba akipanda miti ya makaa leo, soko lake liko. Magunia ni 14 na sio 20 kwa sababu mmeshapata majiko bora!

KAZI YA MWEZI HUU

Kabla ya kufunga mkutano, kikundi kikubaliane juu ya mambo matatu na katibu ayaandike kwenye kitabu cha kumbukumbu:

A. Kila nyumba iandike, kwa wiki nne, kila kitu ilichonunua kwa makaa, sabuni, mafuta na betri. Asiyeandika aweke jiwe dogo kwenye kopo kila anaponunua.

B. Watu wawili wamtembelee muuza makaa, na kama inawezekana mchomaji mwenyewe, wamsikilize na walete habari. Waende kama majirani, sio kama askari.

C. Kikundi kichague kitu kimoja cha kununua pamoja mwezi ujao, au kianze mchango wa mzunguko ili kila nyumba ipate jiko la kigae kwa zamu. Tunashauri zamu ya kwanza ipewe nyumba inayonunua makaa kwa mkebe, kwa sababu ndiyo inayolipa bei kubwa zaidi.

Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma hesabu hizo. Kama ni nzuri, furahini. Kama si nzuri, ulizaneni kwa upole ni wapi ilikuwa ngumu, na mjaribu tena. Mtuandikie mlichopata, kilichofaulu na kilichoshindikana, ili vikundi vingine navyo vijifunze.